Mizani Haimpimi Ng'ombe

Barua ya wazi kwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi, Wakuu wa Mikoa ya Mbeya, Njombe na Iringa, na wote wenye dhamana ya barabara kuu kutoka Tunduma hadi Dar es Salaam

Yah: Nafasi na saa za mifugo inayosafirishwa kutoka Usangu kwenda Pugu

Waheshimiwa,

Kamwene. Ndivyo tunavyosalimiana huku Nyanda za Juu Kusini, na sikuona vema kuanza kulalamika kabla ya kuwaamkia.

Mimi ni muuza nyama hapa Makambako. Kabla ya kushika kisu cha bucha nilikuwa utingo wa gari la ng'ombe kwa miaka saba. Lilikuwa Fuso lenye boksi la mbao, tukipakia kwenye minada ya Usangu na kushusha Pugu, kwenye mnada wa mifugo wa Dar es Salaam. Nimezaliwa Mbarali, na nimechunga ng'ombe wa baba yangu mdogo mpaka nilipomaliza darasa la saba. Nayasema haya mjue kwamba anayewaandikia amelala na ng'ombe, amekula kwa ajili ya ng'ombe, na hana ugomvi na biashara ya mifugo. Biashara hii ndiyo iliyonitoa kijijini na ndiyo inayosomesha wanangu.

Ninalotaka kusema ni moja. Kwenye barabara yetu kila kitu kinapimwa. Uzito wa gari unapimwa, mwendo unapimwa, vichwa vinahesabiwa, ushuru wa halmashauri unakatwa hadi senti ya mwisho. Mambo mawili yanayomuua ng'ombe njiani ndiyo yasiyopimwa na mtu yeyote: nafasi aliyopewa kusimama, na saa alizosimama.

Nianze na nafasi. Boksi la gari letu lilikuwa na urefu wa futi 20 na upana wa futi saba na nusu. Nililipima mwenyewe kwa futi kamba siku fundi alipokuja kubadilisha mbao za sakafu. Hizo ni kama mita za mraba 14. Ng'ombe wetu wa asili, mwenye kilo 250 hadi 300, anahitaji karibu mita moja ya mraba ili atanue miguu na kujishika gari linapokata kona. Kwa hesabu hiyo lile lilikuwa gari la ng'ombe 14. Sisi tulikuwa tunapakia 22. Siku za kuelekea sikukuu tuliwahi kufikisha 25, wale wa mwisho wakisukumwa kwa mabega na mlango ukifungwa nyuma ya makalio yao.

Sasa tupige hesabu ya uzito. Ng'ombe 22 wa kilo 250 ni tani tano na nusu, na gari lile liliruhusiwa kubeba zaidi ya hapo. Tukiingia mizani ya Makambako, tukiingia Wenda, Mikumi, Mikese, Vigwaza, kote namba ilisoma vizuri na tukaambiwa twende. Mizani iliwekwa ili kulinda lami, na kazi hiyo inaifanya. Lakini ng'ombe si saruji. Gari linaweza kuwa halali kabisa kwa uzito, na humo ndani aliyeanguka akawa hana pa kuinukia.

Kibali cha kusafirishia mifugo nacho ni hivyo hivyo. Vibali nilivyowahi kuvishika mkononi vilitaja idadi, jinsia, rangi, walikotoka na wanakokwenda. Tukisimamishwa njiani, afisa anapanda kwenye tairi, anahesabu. Karatasini 22, garini 22, haya nendeni. Katika miaka saba sikumsikia hata mmoja akiuliza: hawa wamepakiwa saa ngapi? Mara ya mwisho wamekunywa maji lini?

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa, "Wabane, dogo. Wakibanana wanashikiliana, hawaanguki." Bado vijana wanafundishwa hivyo. Ina ukweli wake mpaka mmoja achoke. Ng'ombe hapendi kulala gari likitembea. Husimama, akatanua miguu, akacheza na mwendo wa gari kama mtu aliyesimama kwenye daladala. Akibanwa hawezi kusogeza hata kwato moja. Sakafu imeshalowa mavi na mkojo, inateleza kama sabuni. Breki moja kali, goti linapiga mbao, na pale alipokuwa amesimama panajazwa papo hapo na wenzake. Sasa wako juu yake. Wanamkanyaga, na hawana mahali pengine pa kuweka miguu.

Hapo ndipo utingo anapotumwa kushuka katikati yao na fimbo. Tulikuwa tunawakunja mkia mpaka unalia. Tulikuwa tunawapaka pilipili machoni. Nimeyafanya hayo yote kwa mikono yangu, na leo nayaandika hapa kwa jina la kazi yangu ya zamani ili asitokee mtu wa kusema hayafanyiki. Sikuwa na chuki na ng'ombe. Nilikuwa na amri ya kufikisha 22, na anayekufa njiani alikatwa kwenye posho yangu na ya dereva.

Naomba niwasimulie safari moja.

Ilikuwa mwezi wa sita. Tulimaliza kupakia saa nane mchana. Wale ng'ombe walikuwa wametembezwa kwa miguu kutoka vijijini kuja mnadani, na wengi hawakuwa wameona maji tangu jana yake. Palikuwa na jike mmoja mwekundu, mwenye baka jeupe kwenye nyonga, tumbo limeshuka na kiwele kimejaa. Nikamwambia dereva, "Kaka, huyu ana mimba pevu." Akanijibu kwamba mwenye mali ameshalipa na kibali kimeshatoka. Kibali kilitoka bila mtu kuingia zizini. Pale mnadani hapakuwa na jukwaa la kupakilia, kwa hiyo gari lilirudishwa nyuma kwenye tuta la udongo na ng'ombe wakapigwa mpaka wakaruka. Naye aliruka.

Tukapita Makambako jua likizama. Mafinga tulikuta baridi ile ya mwezi wa sita, upepo unapita kwenye mbao za boksi, na ng'ombe waliozaliwa kwenye joto la bondeni wakaanza kutetemeka. Saa nne usiku tuko Ilula. Tulipoanza kuteremka mlima Kitonga tukakuta lori la kontena limelala kwenye kona, foleni imeziba juu na chini.

Ninyi mnapita Kitonga kwa gari dogo, huenda hamjawahi kufikiria mteremko ule unavyokuwa ndani ya boksi la ng'ombe. Gari likisimama limeinamia mbele, uzito wote wa ng'ombe 22 unawaangukia wale walioko karibu na kabini. Wale wa nyuma wanateleza wakija, wa mbele wanasagwa kwenye mbao. Tulikaa hapo kwa muda wa saa tisa nzima. Hapakuwa na pa kuwashushia, na hata pangekuwepo, nani angewashusha usiku kwenye mlima wenye malori upande mmoja na korongo upande wa pili?

Yule mwekundu alizaa humo. Nilisikia kabla ya kuona. Nilimulika tochi ya simu kupitia kwenye mbao nikaona ndama ameshatua, mweupe kwa ute, kati ya miguu ya wenzake. Nilijaribu kupita. Sikuweza kuingiza hata bega. Baada ya muda sikuona tena kitu cheupe.

Saa tatu asubuhi tukawa Ruaha Mbuyuni. Jana yake jioni tulikuwa Mafinga, zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Sasa tuko bondeni kwenye mibuyu, jua linachoma. Mama mmoja anayeuza vitunguu aliacha biashara yake akaja na ndoo ya maji. "Mwanangu," akaniambia, "hawa nao wana kiu." Ndoo moja kwa ng'ombe ishirini na kitu. Ng'ombe mmoja kwenye joto anahitaji lita 30 na zaidi kwa siku. Walioyaona yale maji walipigana. Yule mwekundu hakunywa. Alikuwa anageuza shingo kuangalia nyuma, na kila akigeuza anakutana na pembe za mwenzake.

Alianguka tukiwa katikati ya Hifadhi ya Mikumi. Mnayajua mabango ya pale, yanayotaja faini ya kila mnyama ukimgonga: twiga, nyati, swala. Madereva wote hupunguza mwendo, na ni vizuri. Mimi nilikuwa nimeshikilia bomba la juu la boksi, nikayasoma mabango yale huku chini yangu kuna mnyama anakanyagwa. Swali lililonijia siku ile sijapata wa kumuuliza, kwa hiyo nawauliza ninyi. Swala anayevuka barabara ile ana bei na ana mlinzi. Ng'ombe anayepita juu ya barabara hiyo hiyo, mwenye hereni ya utambulisho sikioni, mwenye kibali, mwenye mmiliki aliyelipa ushuru, analindwa na nani?

Pugu tulifika saa sita usiku. Tangu kupakia zilikuwa zimepita saa 34. Tulishusha mizoga mitatu: ndama, mama yake, na dume mmoja wa upande wa kabini. Hakuna aliyetuuliza kitu.

Kwa wale watakaoona nimechagua safari mbaya kuliko zote, niseme wazi kwamba ilikuwa mbaya. Lakini safari nzuri kwetu ilikuwa saa 18 hadi 20, ng'ombe wale wale 22, maji yale yale ya hakuna. Kutoka Igawa, kule kwetu Mbarali, hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 700. Mbali si kosa la mtu. Kosa ni kwamba katika kilomita hizo zote 700 sikuwahi kuona mahali hata pamoja palipotengwa ili gari la mifugo lisimame, ng'ombe washuke, wanywe, walale.

Wenzetu hili walilitazama zamani. Marekani waliweka kikomo cha saa 28 tangu mwaka 1873, ng'ombe wakisafiri kwa treni. Nchi za Umoja wa Ulaya zinaruhusu ng'ombe wakubwa saa 14, kisha lisaa limoja la kupumzika na maji, kisha 14 nyingine, halafu lazima washushwe, walishwe na kupumzishwa saa 24. Wapo Ulaya wanaosema hata hizo ni nyingi mno. Sisi na saa zetu 34 hatukuvunja kikomo chochote tulichowahi kuambiwa, kwa sababu hatukuwahi kuambiwa.

Sheria mama tunayo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtambua mnyama kuwa kiumbe mwenye hisia, na usafirishaji umo ndani yake. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 ndiyo inayotufanya tubebe vibali. Tanzania pia ni mwanachama wa Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, ambalo viwango vyake vya kusafirisha wanyama kwa barabara vinasema jike aliye kwenye sehemu ya kumi ya mwisho ya mimba yake asipakiwe. Kwa ng'ombe anayebeba mimba miezi tisa na siku kadhaa, huo ni kama mwezi wa mwisho. Yule mwekundu hakupaswa hata kukaribia gari. Nilikuwa utingo, na niliyaona. Aliyepewa mhuri angeyaona pia kama angeingia zizini.

Sasa niwaambie ninachokiona leo, nikiwa upande wa kisu.

Magari yanapopita hapa Makambako usiku, mara nyingine hushusha ng'ombe aliyeshindwa kusimama na kumuuza bei ya kutupa kwa wenye bucha. Nilipoanza nilinunua wawili. Ukimchuna ndipo unaijua safari yake. Chini ya ngozi, mbavuni, kwenye nyonga, mgongoni kwenye alama za kwato, kote damu imevilia, na nyama hiyo unaikata unaitupa. Inayobaki ni nyeusi, kavu juu, inanata mkononi. Bwana mifugo mmoja aliyestaafu ndiye aliyenielewesha. Mnyama ana akiba ya sukari kwenye misuli. Akichinjwa akiwa ametulia, sukari ile hugeuka kuwa asidi, na ndani ya siku moja kipimo kiitwacho pH, ambacho hushuka kadiri asidi inavyoongezeka, hutoka kwenye 7 hadi karibu 5.5. Asidi hiyo ndiyo inayoipa nyama wekundu wake mzuri na kuifanya idumu. Aliyesimama siku nzima kwa hofu na kiu ameshaimaliza akiba yake. pH inabaki juu ya 6, nyama inakuwa nyeusi na inaharibika upesi. Mteja akiiona anadhani unamuuzia kibudu, na huwezi kumlaumu. Siku hizi sinunui tena ng'ombe wa kushushwa, hata wakinipa kwa nusu bei.

Na hapo sijataja kilo. Ng'ombe akikaa siku moja hadi mbili bila kula wala kunywa anaweza kupoteza hadi sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Kwa ng'ombe wa kilo 250 ni kilo 25. Sehemu yake ni mavi na mkojo, akinywa akala inarudi. Lakini kadiri saa zinavyoongezeka anaanza kujila mwenyewe. Mfugaji wa Usangu amemnenepesha mnyama kwa miaka minne, sisi tunaziacha kilo zile barabarani kwa siku moja na nusu.

Nguruwe nao nisiwasahau, maana Mbozi, Mbeya na Njombe wanatoa nguruwe wengi wanaoshuka Dar es Salaam kwa barabara hii hii. Nguruwe hawezi kutoa jasho la kumpoza. Anapozwa na maji na tope, na garini havipo. Wakifika Ruaha Mbuyuni mchana utawasikia wanavyohema kabla hujawaona, na madereva wenye huruma huwamwagia ndoo mbili tatu. Halafu kuna ugonjwa. Homa ya nguruwe iliyolipuka Kyela mwishoni mwa 2010 ilisambaa mpaka ikafika Dar es Salaam, na nguruwe hawatembei kwa miguu kutoka Kyela. Gari lililoshusha wanyama wagonjwa, likarudi bila kuoshwa na kupakia wengine, linabeba ugonjwa wa miguu na midomo kwa urahisi ule ule. Mwaka 2025 Serikali ilizindua kampeni ya chanjo na utambuzi wa mifugo nchi nzima, na hapa kwetu tumeiona. Fedha hiyo ni kubwa. Mnyama mkiisha kumchanja na kumvika hereni, mfuateni mpaka anakoshukia.

Huwa nasoma usiku nikishafunga duka. Nimesoma habari za mbwa wa mbio, wale wembamba wenye miguu mirefu wanaoitwa greihaundi. Kwa miaka mingi mbwa hao walipakiwa kwenye ndege kutoka Australia kupelekwa Macau, kule China, kukimbizwa kwenye uwanja wa kamari. Walikuwa wakienda na hawarudi. Watu walilalamika muda mrefu, na kilichobadilisha mambo sana ni pale wabebaji wenyewe, mashirika ya ndege, walipokataa: Qantas walikataa, Cathay Pacific walikataa. Uwanja ule ulifungwa mwaka 2018, na mbwa zaidi ya 500 waliokutwa humo wakaanza kutafutiwa makazi. Mimi si mtu wa mbwa. Kilichonigusa ni kwamba mlango wa gari, au wa ndege, ndipo mahali pa kushika. Anayeamua nani apande na kwa masharti gani ameshaamua nusu ya maisha ya mnyama yule. Kwetu mlango huo ni kibali, na kibali mnakiandika ninyi.

Na mnaweza. Punda waliokuwa wanakusanywa na kusafirishwa kwenda kuchinjwa kwa ajili ya ngozi, Serikali yetu iliwazuilia uchinjaji huo mwaka 2022, na mwaka 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kusimamisha biashara hiyo ya ngozi barani kote kwa miaka 15. Hakuna aliyesema haiwezekani.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni kwenye karatasi. Kibali kiandikwe saa ya kumaliza kupakia, na saa ambayo mifugo lazima iwe imeshushwa na kunyweshwa. Kiandikwe urefu na upana wa boksi la gari, ili afisa wa kwanza atakayelisimamisha ajue kwa kuangalia tu kama ni gari la 14 au la 22. Futi kamba ni bei ndogo, kila mnada unaweza kuwa nayo. Na jina la mwenye gari na la mwenye mali yawemo. Hili nalisisitiza kwa sababu najua faini huwa inamwangukia nani. Dereva na utingo wanalipwa kwa safari. Simu inapigwa kila saa: mmefika wapi, soko linafunga. Mkiwapiga faini wao peke yao, watapita usiku wa manane na mtakuwa hamjamfikia aliyewatuma.

La pili ni maji. Vituo vya kupumzishia mifugo ni jambo linalojulikana wizarani, halihitaji kubuniwa upya. Tunahitaji kimoja kabla ya kuteremka Kitonga, upande wa Ilula au hata huku nyuma karibu na Iringa, na kimoja baada ya bonde, kabla ya Mikumi. Zizi lenye kivuli, birika refu la maji, majani, jukwaa la kushushia na kupakilia, na mahali pa kuoshea gari. Tozeni kwa kichwa, watu watalipa wakijua ni lazima kwa wote. Asiyelipa ni yule anayejua jirani yake hatalipa. Na wakati kituo hakijajengwa, Kitonga ikifunga, askari wa barabarani wayazuie magari ya mifugo juu kwenye tambarare, yasiingie kwenye mteremko kusubiri. Hilo halihitaji bajeti, linahitaji simu moja. Kwenye foleni za mizani nako magari haya yapitishwe kwanza.

La tatu ni jukwaa la kupakilia kwenye kila mnada unaokusanya ushuru. Ushuru huo unakusanywa kwa jina la mnada. Udongo, mawe na magogo vipo, mafundi wapo, na ng'ombe anayepanda kwa kutembea hahitaji kupigwa. Hapo hapo awepo mtu wa mifugo atakayeingia zizini kabla ya kugonga mhuri, amtoe mwenye mimba pevu, kilema na aliyedhoofika.

Kuna na reli. TAZARA inapita Igurusi, Chimala, Rujewa na Makambako, katikati kabisa ya nchi ya ng'ombe, kisha inashuka Mlimba bila kuijua Kitonga. Ilifunguliwa mwaka 1976, na sasa upo mpango wa kuifufua kwa ajili ya shaba na kontena. Nawaomba sana, mtakapokaa kwenye meza hiyo, awepo mtu wa kuuliza habari ya mabehewa ya mifugo yenye matundu ya hewa na maji. Kama hatauliza mtu wa kwetu, wa shaba hatauliza.

Gharama zitapanda. Sitawadanganya. Gari likibeba 14 badala ya 22, nauli ya kila kichwa inaongezeka, na kituo cha mapumziko kinaongeza siku. Mfanyabiashara atalia, na mimi mwenye bucha nitaona tofauti. Lakini ile safari ya saa 34 tulipoteza wawili kati ya 22 na ndama mmoja ambaye hakuna aliyemhesabu. Waliobaki walishuka wamepungua kilo, wana damu iliyovilia, na nyama yao ilikwenda kuwa nyeusi kwenye mabucha ya mjini. Gharama hiyo tayari tunailipa, ila haijaandikwa kwenye risiti.

Baba yangu mdogo alikuwa na desturi moja. Siku ya kumuuza ng'ombe alimpeleka mtoni kwanza, akamwacha anywe mpaka ainue kichwa mwenyewe, ndipo akamfunga kamba. Nilikuwa mtoto, nilidhani anamwongezea uzito kwa ajili ya mnunuzi. Siku moja nilimuuliza. Akasema, "Anakwenda mbali, na huko sijui nani atampa."

Mheshimiwa Waziri, na ninyi Waheshimiwa Wakuu wa Mikoa, sihitaji mjibu barua hii kwa barua. Magari yanayotoka mnadani huanza kupita Makambako kuanzia saa moja jioni, na mengi husimama madereva wapate chakula. Chagueni jioni moja, mje bila msafara. Njooni na futi kamba, pimeni boksi moja, hesabuni waliomo, kisha mumuulize utingo wamekunywa maji lini. Atawaambia, maana hakuna aliyewahi kumuuliza.

Wenu katika kazi,

Muuza nyama, Makambako
aliyekuwa utingo wa gari la mifugo